Taa Sabini na Nne za Himbi

Siku Ferdinand Ntirenganya alipoonyeshwa mjukuu wake, alivua kofia. Hakujua kwa nini. Mkono ulipanda wenyewe ukaishusha, kama ulivyozoea kufanya mlangoni mwa kanisa. Mtoto alikuwa na kilo moja na gramu mia tatu, wayo wake haukufikia urefu wa kidole gumba cha babu, na ngozi yake ilikuwa nyembamba hata mishipa ilionekana ikifanya kazi. Ferdinand alikuwa fundi umeme kwa miaka thelathini. Alishika nyaya za kila unene, lakini nyaya nyembamba namna ile, zenye uhai ndani yake, hakuwahi kuziona.

Mtoto alizaliwa katika mji wa Sake, ndani ya darasa la shule, miezi miwili kabla ya siku zake. Volkano ililipuka mwishoni mwa mwezi wa tano, na siku tano baadaye watu wa Goma wakaamriwa kuhama. Clarisse, binti yake Ferdinand, alitembea na tumbo lake katikati ya magodoro, mbuzi na pikipiki, mpaka miguu ikakataa. Sasa watu walikuwa wamerudi, na mtoto alilazwa katika kituo kidogo cha afya katika mtaa wa Himbi, bomba jembamba likiwa limebandikwa puani. Joto alilipata kifuani mwa mama yake, alikofungwa kwa kitenge mchana na usiku. Pumzi ndiyo aliyosaidiwa na mashine, na mashine ilikula umeme. Na umeme ulianguka kila siku ya kazi, saa mbili na nusu asubuhi.

"Tazama saa, Papa," alisema muuguzi Mwavita. "Utaona na macho yako."

Ferdinand akaona. Taa ya juu ya kitanda ikawa nyekundu mfano wa kaa linalokufa. Mashine ikalia mara tatu, ikanyamaza. Mwavita alikuwa tayari na pampu ya mkono, na kwenye uso wa mtoto akaweka kikombe cha mpira kisichozidi kizibo cha chupa. Akaanza kubonyeza polepole, huku midomo yake ikihesabu.

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa tisa, batu ya bureau bakienda kwao. Tunapokezana, miye na bibi ya mutoto. Chupa ya oksijeni ya akiba iliisha tangu juzi." Alishusha sauti ili Clarisse, aliyesinzia, asisikie. "Jana nilisinzia, Papa. Kidogo tu. Nilipofungua macho, mutoto alikuwa bluu."

"Bureau gani hiyo?"

Mwavita alionyesha kwa mdomo, maana mikono haikuwa na nafasi. Nje ya dirisha, ng'ambo ya uzio wa miti, lilisimama jengo refu la serikali lenye mawe meusi mahali pa vioo. Ferdinand alilitazama kana kwamba hakupata kuliona, nalo ndilo lililomlisha tangu ujana wake. Alirudisha kofia kichwani, kisha akaivua tena.

*

Jumapili alikwenda kuona njia ya umeme ilikokatika, upande wa kaskazini mwa mji. Barabara ilikuwa imemezwa na lava. Mbele yake ulilala ukuta wa mawe uliopita juu ya nyumba, ukasimama ghafla kama mtu aliyekumbuka jambo, na mvua nyepesi ilipoyaangukia mawe yakatoa mvuke. Zaidi ya wiki mbili, na bado yalikuwa ya moto! Mama mmoja alichoma mahindi kwenye ufa, bila kuni, akiwauzia waliokuja kushangaa. Ferdinand alishangaa kama wenzake, akanunua hindi moja, akalila amesimama, akihisi joto la ardhi likipenya soli za viatu.

Fundi wa shirika la umeme alimwambia wazi kwamba nguzo hazichimbiki mpaka jiwe lipoe. Kwa sasa Himbi yote ile inategemea kebo ya muda, na upande wa ofisi na kituo cha afya inabeba ampea hamsini tu. "Hakuna ingine, Muzee. Mule kidogo, mushibe wote."

Basi Jumatatu Ferdinand aliingia ofisini na kipima umeme chake, akaanza kupima alichokula kila mmoja.

Inafaa mtu aijue ofisi hiyo. Iliitwa Divisheni ya Kumbukumbu, na ilikuwa na madirisha kumi na manne, yote yamezibwa kwa mawe ya volkano na saruji. Mwaka 2012, waasi walipokuwa wakiukaribia mji, risasi moja ilivunja kioo cha ukumbini ikamkuta karani Mulumeoderhwa mezani pake, kalamu mkononi. Mkuu wa wakati ule akaamuru madirisha yazibwe. Kisha waasi wakaingia, na ofisi zilizokuwa gizani zikaporwa, kwa kuwa giza liliwaambia waporaji kwamba hamna mtu. Zilizowaka taa zilisalimika. Ikatoka amri ya pili: taa zisizimwe, usiku wala mchana. Na asije mpumbavu akasahau akazima, fundi akaambiwa ang'oe swichi zote, aunganishe nyaya ndani ya ukuta, apige plasta juu.

Fundi alikuwa Ferdinand. Aliziba madirisha, akazika nyaya, akafanya kazi safi isiyo na kasoro. Walimpa cheti cha pongezi, akakitundika sebuleni.

Waasi waliondoka baada ya siku chache. Amri ikabaki. Karatasi yake ilikuwa bado mlangoni, imegeuka rangi ya chai, na wakuu watatu walikuja wakaenda bila hata mmoja kuandika karatasi ya kuiondoa. Kwa miaka minane na nusu, taa sabini na nne ziliwaka mchana kweupe. Balbu ikiungua, Ferdinand alipanda ngazi akaweka nyingine ya aina ileile, ile ya zamani inayochoma vidole.

Tena, kwa kuwa hewa haikupita, ukumbi ulinuka ukungu na jasho, ikabidi kiletwe kiyoyozi. Kiyoyozi, Goma, mji ambao watu hutoka na koti asubuhi! Kikatia baridi. Mama Nyiransabimana, sekretari, ambaye magoti yalimsumbua, akaleta jiko la umeme akaliweka chini ya meza. Mashine moja ikaleta baridi, nyingine ikaifukuza, kutwa nzima, hatua nne kati yazo. Watu walipita katikati wakabeba mafaili yao bila kucheka. Ferdinand mwenyewe alipita hapo kila siku, fundi mzima.

Taa peke yake zilikula ampea thelathini na tatu. Kituo cha afya kilihitaji kumi na mbili. Hapo kebo ilivumilia, ndiyo maana usiku mtoto alipumua vizuri. Lakini asubuhi kiyoyozi kiliongeza nane, jiko saba, birika na kompyuta zikala nne, na kebo ikasalimu amri.

"Mama, uzime jiko leo, nakuomba," alimwambia Nyiransabimana. "Ni kwa sababu ya mutoto wa Clarisse."

"Mungu wangu! Si ungesema?" Mama akazima palepale, akajifunga shali mbili miguuni. Birika nalo likazimwa. Haikutosha. Saa tatu Ferdinand alichungulia uzioni, akamwona mke wake Perpétue kupitia dirisha la kituo, ameinama juu ya kitanda, bega likipanda na kushuka.

Akaenda kugonga kwa mkuu.

*

Bwana Florent Bulonza alikuwa amevaa sweta. Alimwacha fundi asimame mpaka amalize kusoma ukurasa aliokuwa ameshamaliza kuusoma, kisha, kabla hajaambiwa lolote, akatoa noti ya faranga elfu moja akaisukuma ukingoni mwa meza.

"Nimesikia habari ya mutoto. Hii ya sabuni."

"Aksanti, Chef. Lakini sikuja kwa ajili ya makuta." Ferdinand aliiona noti ikibaki pale kati yao, akaona haya, kana kwamba kweli alikuja kuomba. "Naomba tuzime taa."

"Zima basi."

"Hazizimike. Swichi hazipo."

"Nani alizitoa?"

"Ni miye, Chef."

Bulonza alicheka, si kwa ubaya. "Na tukizima, batu batasoma na nini? Na mishumaa?"

"Tufungue madirisha."

Kicheko kikakatika. Mkuu aliondoa miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaifuta tena.

"Muzee Ferdinand, ile siku ulikuwa inje, kwa jenereta. Miye nilikuwa ndani. Nilikuwa karani mudogo, meza yangu hapa, meza ya Mulumeoderhwa pale. Alikuwa ananiuliza kama nimekula. Damu yake ilifika kwa registre yangu. Ile registre ingali kwa rafu, siwezi kuitupa, siwezi kuifungua." Akavaa miwani. "Niambie, vita imeisha? Masisi iko namna gani?"

Mumewe Clarisse alikuwa amekwama hukohuko Masisi, barabara imefungwa, hata hajamwona mtoto wake.

"Haiishe, Chef."

"Basi jiwe lisitoke. Jiwe moja likitoka, na weye unatoka. Hapana kwa ubaya."

Noti ilibaki mezani. Ferdinand aliirudisha taratibu upande wa mkuu, kwa kidole kimoja, akatoka.

*

Jioni ile Perpétue alirudi nyumbani, mtaa wa Majengo, kuchukua nguo safi. Mkono wake wa kulia ulivimba mpaka kiwiko, hakuweza kukamua kanga, ikabidi mumewe amkamulie. Alipomaliza kuzianika, alikuta macho ya mkewe yako ukutani, kwenye cheti.

"Ulifunga muzuri sana, Papa Clarisse," alisema. "Banakuandikia hapo na mhuri: kazi safi."

"Usinichome."

"Sikuchome. Nasema yenye niko naona. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hapa weye ulichimba, anaingia mutoto wa gramu."

Ferdinand akakaa juu ya kiti cha plastiki, akajishika kichwa. Siku ya nane ya mtoto ilikuwa imepita zamani, siku ambayo kwao mtoto hutolewa nje, huoneshwa mwanga, ndugu wakala, akapewa jina. Kila mtu alikwepa kuitaja. Perpétue alisema mara moja tu kwamba mtoto asiyeweza kutoka nje hapewi jina, na Clarisse akageukia ukuta.

"Kesho nikitoa mawe, nitafukuzwa kazi," Ferdinand alisema.

"Na usipotoa?"

Perpétue alikuja akasimama nyuma yake, akamwekea mkono ule uliovimba begani.

"Ile siku uliokoa batu. Sitasema uongo, uliokoa. Lakini ile siku iliisha, mume wangu. Hakuna mutu alikuambia?"

*

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mlinzi wa ofisi alimfungulia kama kawaida. Ferdinand alikuwa na nyundo, patasi na mtaimbo. Walikuwa wamekubaliana na Perpétue: mashine ikizimika, atatoka barazani na kitenge chekundu, akiinue juu.

Alianza na dirisha la ukumbini, lile la Mulumeoderhwa. Heri angekuwa fundi mbovu! Saruji ile aliichanganya mwenyewe, mchanga wake aliuchekecha mara mbili, na sasa ilimrudishia nyundo mkononi kwa dharau. Alijitukana, akamtukana fundi wa mwaka 2012, akatoa jasho. Jiwe la kwanza lilichukua nusu saa. La pili likafuata, na la tatu. Alipong'oa la sita, kitu kilimpita ubavuni kikaingia ndani, akageuka kutazama ni nini.

Ulikuwa mwanga. Ulikata ukumbi toka dirishani hadi ukuta wa pili, vumbi likielea ndani yake, ukalala juu ya meza, juu ya mafaili, juu ya sakafu ambayo kumbe ilikuwa ya vigae vyekundu. Vyekundu! Kwa miaka yote ile Ferdinand aliapa ni vya kahawia. Taa za juu zilikuwa bado zinawaka, lakini mbele ya jua zilionekana kama wageni waliozidi kukaa. Alisimama mdomo wazi, mtaimbo mkononi, akashindwa kuendelea.

Nyiransabimana ndiye aliyefika kwanza. Alishika kizingiti.

"Yesu Maria. Ziwa!"

Ziwa Kivu lilikuwa pale, hatua mia mbili, la buluu, likimetameta, na mitumbwi ya bandari ya Kituku ikienda zake. Lilikuwa pale siku zote, na wao wakifanya kazi kisogo chao kimeligeukia. Wafanyakazi wengine waliingia mmojammoja, na kila aliyeingia alisimama mlangoni. Kisha wakaanza kutazamana. Kumbe huyu ana mvi. Kumbe yule ana kovu shavuni. Kuta, walizodhani zimepakwa kijani, zilikuwa nyeupe zilizoota ukungu. Karani mmoja aliweka kiganja chake kwenye mwanga, akakigeuza, akakigeuza tena, akacheka peke yake.

Hakuna aliyeamrisha. Mtu mmoja alipokea jiwe, akampa mwenzake, na mstari ukajipanga hadi uani. Saa mbili na robo madirisha matatu ya ukumbini yalikuwa wazi, na wa vyumba vya nyuma walikuwa wanabeba meza zao kuja mbele. Ferdinand alibandua plasta pale alipozika nyaya. Alipajua kama anavyojua makovu yake. Akazikata kwa koleo.

Taa sabini na nne zikazimika pamoja. Hakuna aliyeona tofauti.

*

Bulonza aliingia saa mbili na nusu kasoro dakika mbili. Alisimama chini ya karatasi ile ya rangi ya chai.

"Nani?"

"Ni miye, Chef."

Mkuu hakupaza sauti, na hilo likawatisha zaidi. Alikuwa hamtazami Ferdinand. Alitazama ukuta wa pili, mahali jua lilipofika, ambapo palionekana tundu katika plasta, dogo, la mviringo. Kwa mwanga wa taa kila mtu alidhani ni alama ya msumari. Bulonza alitembea mpaka pale, akaingiza ncha ya kidole, akaiacha humo kwa muda. Kisha akageuka na kukadiria kwa macho toka tundu hadi dirishani, akasogea upande kidogo, kama mtu anayempisha mwingine.

"Saa yako inasema nini?" Nyiransabimana alimnong'oneza Ferdinand.

Saa mbili na nusu. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma, kompyuta zimewashwa. Ferdinand alisogea dirishani akakaza macho kwenye baraza ya kituo cha afya, ng'ambo ya uzio. Saa mbili na dakika thelathini na tano. Hapakuwa na mtu barazani.

"Unangoja nini?" Sauti ya mkuu ilikuwa karibu na sikio lake.

"Mama Clarisse. Mashine ikikufa, atatoka na kitenge chekundu."

Bulonza akaegemea dirisha pembeni yake, viwiko juu ya saruji iliyovunjika. Wakatazama wote wawili. Nyuma yao ukumbi mzima ulitazama. Saa mbili na dakika arobaini. Arobaini na tano. Mlango wa kituo ukafunguka, na Perpétue akatoka.

Ferdinand alishika ukingo wa dirisha.

Mikononi mwa Perpétue mlikuwa na beseni. Alilitua chini, akanyoosha mgongo, akaanza kuanika nepi kwenye uzio, moja baada ya nyingine, kila moja upana wa kiganja, bila haraka yoyote, kama mwanamke mwenye asubuhi nzima mbele yake. Ferdinand alilia wazi mbele ya serikali yote, na hakujali.

"Zote hizi ni za mutoto mumoja?" Bulonza aliuliza.

"Mumoja, Chef."

Mkuu alitazama mpaka nepi ya mwisho. Kisha akaenda kuzima kiyoyozi mwenyewe, akavua sweta, akavuta kiti. Watu wakaguna, maana kiti kilikuwa cha Mulumeoderhwa, ambacho hakikukaliwa tangu siku ile. Akakaa, dirisha likiwa begani mwake, akatoa karatasi, akaandika kwa mwanga wa jua. Alipomaliza, alipiga mhuri, akampa Ferdinand.

Ilikuwa barua ya kumtaka ajieleze. Ilimwamuru fundi aeleze kwa maandishi, ndani ya saa ishirini na nne, kwa nini amebomoa madirisha ya serikali na kuzima taa zake bila ruhusa.

"Lazima ujibu," Bulonza alisema. "Sheria ni sheria. Ukimaliza kujibu, bado madirisha kumi na moja."

Ferdinand aliomba kalamu palepale. Hakuwa mtu wa maneno mengi kwenye karatasi. Aliandika maneno mawili, Mutoto anapumua, akarudisha.

Mkuu akasoma. Akamwagiza karani alete ile registre ya rafuni, kubwa, yenye doa jeusi pembeni, akaifungua kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule, ili barua iwekwe humo. Kisha akasita.

"Mutoto gani? Kuna batoto mingi. Karatasi bila jina haiingie hapa."

Ferdinand aliinua macho. Akageukia dirisha, akaita kwa nguvu zake zote juu ya uzio, "Mama Clarisse! Hapa banaomba jina ya mutoto!"

Perpétue alisimama na beseni tupu kiunoni. Alitazama madirisha matatu yaliyo wazi na vichwa vyote vile vilivyojaa ndani yake. Akaangalia jua, akaingia ndani. Watu wakangoja. Alipotoka, alikuwa pamoja na Clarisse, aliyetembea kwa tahadhari, kitenge kikiwa kimefungwa kifuani, na Mwavita nyuma yao akiburuta mashine mpaka mwisho wa waya wake. Waya uliishia kwenye kizingiti. Hapo Clarisse akasimama, akafunua pembe ya kitenge, kidogo tu, jua likafika.

"Umwiza!" akaita.

Ferdinand akavua kofia, akaliandika jina.